Kibarua cha kocha kikiota nyasi, bili analipa nani?

  

Wiki hii naweka pembeni habari za mapenzi na mitindo, niingie uwanjani kidogo. Wala usifunue ukurasa mwingine dada yangu, haya mambo yanakuhusu hata kama hujui kona inapigwaje. Nataka kuzungumzia kazi. Tena kazi ambayo siku ile ile unayotambulishwa, umeshika jezi na unatabasamu mbele ya kamera, kuna mtu mahali anaanza kuhesabu siku zako. Kazi ya ukocha.

Vijiwe vyetu mnavijua. Timu ikifungwa mbili mfululizo, basi, kuna mzee mmoja anaweka chini kikombe cha kahawa, anafuta mdomo, anatoa hukumu: "Huyu jamaa hafai, atupiwe virago." Wote tunaitikia kama tuko kwenye arobaini. Kesho yake taarifa inatoka, klabu imefikia makubaliano ya kuachana na kocha, inamshukuru kwa mchango wake na kumtakia kila la heri huko aendako. Tunashangilia kana kwamba tumefunga bao. Jumamosi tunarudi uwanjani tukiwa wapya kabisa.

Swali langu la wiki hii ni dogo tu. Hii sherehe yetu, bili analipa nani?

Kombe si kinga

Mtu atasema kocha anayefukuzwa ni yule asiyejua kazi. Thubutu! Tuanze na Uingereza, ambako nusu yenu mnajua majina ya wachezaji kuliko majina ya wajomba zenu.

Claudio Ranieri, yule babu wa Kiitaliano, aliichukua Leicester City ambayo kwa wacheza kamari ubingwa wake ulikuwa 5,000 kwa 1. Yaani ukiweka jero mbili, shilingi elfu moja, unaondoka na milioni tano. Mei 2016 akawa bingwa wa England. Februari 2017 akaambiwa asante kwa heri. Miezi 9 tu! Mwanamke hubeba mimba akajifungua katika muda huohuo.

Mnadhani hayo ya zamani? Ange Postecoglou, yule Mwaustralia, Mei 21, 2025 aliipa Tottenham Kombe la Ligi ya Europa kule Bilbao kwa kuifunga Manchester United bao 1-0. Lilikuwa kombe la kwanza la Spurs baada ya miaka 17. Kweli kwenye ligi walikuwa wameshika nafasi ya 17, hiyo hatuifichi. Lakini Juni 6, siku 16 baada ya kubeba kombe, jamaa yuko mtaani. Septemba akapata kazi Nottingham Forest. Akakaa siku 39, mechi 8, hakushinda hata moja, na Oktoba 18 akafukuzwa dakika chache tu baada ya filimbi ya mwisho. Watu hata hawajamaliza kutoka uwanjani, yeye kibarua kimeshaota nyasi.

Usije ukaniambia hao ni wazungu na presha zao. Hapa nyumbani je?

Miguel Gamondi, Muargentina, msimu wa 2023/24 aliipa Yanga ubingwa wa ligi, akaongeza Kombe la Shirikisho la hapahapa, na kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika akaifikisha robo fainali ambako Mamelodi Sundowns walisalimika kwa penalti. Novemba 2024 akafungwa na Azam bao 1-0, halafu na Tabora United mabao 3-1. Mechi mbili hizo. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameshapigwa chini.

Upande wa pili wa mtaa nao hawako salama. Roberto Oliveira, tuliyemwita Robertinho, Agosti 2023 aliichukulia Simba Ngao ya Jamii mbele ya Yanga kule Tanga kwa penalti. Novemba 5 mwaka huohuo Yanga hao hao wakamtandika 5-1. Baada ya siku mbili, mkataba ukavunjwa. Hesabu nyingine ya Msimbazi ni hii: kuanzia Patrick Aussems aliyeondoka Novemba 2019 mpaka Fadlu Davids aliyeondoka Septemba 2025, ni makocha wakuu 8 wa kigeni kwa muda usiofika miaka 6. Wapo waliobwaga manyanga wenyewe wakafuata mshiko kwingine, wapo waliosukumwa. Lakini 8 ni 8. Kuna watu wamebadilisha simu mara chache kuliko hapo.

Kwa nini ni yeye tu?

Sababu wala haihitaji elimu ya chuo kikuu. Wachezaji ni 25 na zaidi, na dirisha la usajili likishafungwa huwezi kuwatimua. Mashabiki hawafukuziki, ndio wenye viingilio na ndio wanaonunua jezi. Mwenyekiti na kamati yake hawawezi kukaa kikao cha kujifukuza wenyewe, hata ungekuwa wewe usingekaa. Katika nyumba hiyo mtu pekee anayeweza kutolewa nje kwa barua moja ni kocha. Ndiyo maana mvua ikinyesha ni yeye, jua likiwaka ni yeye.

Mashabiki wa kufukuza wanayo hoja moja ya maana, na sitaki kuwanyima. Wanasema, mbona kocha akifukuzwa timu inaanza kushinda? Kweli inatokea. Lakini kuna mtaalamu wa uchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, aliyekaa akachambua ligi kuu ya kwao kuanzia 1986 mpaka 2004. Alichukua timu zilizofukuza makocha, akazilinganisha na timu zilizokuwa zimeshuka vilevile lakini zikavumilia. Unajua alikuta nini? Zote ziliinuka kwa namna ileile. Ni kama mafua bwana. Ukinywa dawa yanaisha kwa siku saba, usipokunywa yanaisha kwa wiki moja. Sisi tunamfukuza kocha siku ya sita, halafu siku ya saba tunamsifia mganga mpya.

Isieleweke kwamba ninasema kocha asifukuzwe kamwe. Luc Eymael, Mbelgiji aliyekuwa Yanga, Julai 2020 alitoa maneno ya kibaguzi dhidi ya mashabiki wa timu iliyokuwa inamlisha. Klabu ikamfungashia virago, na mimi ningemsaidia kubeba sanduku mpaka airport. Yapo makosa ambayo dawa yake ni mlango. Kufungwa mechi mbili si mojawapo.

Na uvumilivu nao una hadithi zake. Alex Ferguson alifika Manchester United Novemba 1986. Kombe lake la kwanza pale, la FA, alilipata 1990. Ubingwa wa ligi aliupata 1993, zaidi ya miaka sita tangu aingie. Hapa kwetu angekuwa ameshafukuzwa mara nne, amerudi mara mbili, na anauza jezi Karume. Matokeo yake alikaa mpaka 2013 na makombe yakawa mengi mpaka hayana pa kuwekwa.

Sasa tuje kwenye bili

Wa kwanza kupewa bili ni klabu. Kocha wa kigeni haji mikono mitupu, anakuja na mkataba uliosomwa na wakala wake, na pengine mwanasheria wake. Ukimvunjia, unalipa. Chelsea walipomtimua Antonio Conte mwaka 2018, hesabu zao zilikuja kuonyesha kwamba yeye, wasaidizi wake na gharama za sheria vilikula paundi milioni 26.6. Hela hiyo haikufunga bao hata moja. Na klabu ikijifanya kichwa ngumu, kocha anakwenda FIFA, na FIFA inaweza kuifungia timu isisajili wachezaji mpaka ilipe deni. Ukisikia timu yako imefungiwa kusajili, kabla hujalaumu wachawi, uliza kwanza ni mkataba wa nani uliovunjwa.

Wa pili ni wachezaji. Kocha wa zamani alitaka winga mwenye kasi, akasajiliwa. Kocha mpya anataka watu warefu. Yule winga anakaa benchi mpaka suruali inapauka.

Wa tatu hamumjui, na ndiye aliyenifanya nichukue kalamu.

Kuna kaka mmoja, mtu mzima kwangu, aliyekuwa kocha msaidizi wa timu moja ya Ligi Kuu. Jina lake na la timu nayaweka kapuni. Bosi wake alikuwa mzungu. Kaka huyu ndiye aliyekuwa anafika mazoezini wa kwanza, anapanga koni, anatafsiri Kiingereza kwa vijana, anajua nani mama yake anaumwa na nani amelala nje jana. Timu ikayumba. Nilikutana naye miezi michache baadaye, tukakaa kwenye mgahawa, tukaagiza ugali na samaki. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Mdogo wangu," akaniambia, "mimi nilijua nimefukuzwa kwa kusikia redioni. Nilikuwa kwenye daladala naenda mazoezini. Mtangazaji akasema klabu imeachana na kocha mkuu pamoja na benchi lake lote la ufundi. Nikajiuliza, hilo lote ni nani? Nikakumbuka tulikuwa wawili na wa makipa. Kumbe lote ni mimi."

"Sasa kaka, si wamekulipa chako?"

Akacheka. Kicheko kile cha mtu mwenye deni.

"Chako kipi? Mzungu alikuwa na mkataba wa miaka miwili, akalipwa akapanda ndege. Mimi niliambiwa anza kazi, karatasi tutaandikishana baadaye. Mpaka leo hiyo baadaye haijafika. Walikuwa wananidai subira, mimi nawadai mishahara miwili."

Akaniambia mwezi ule mwenye nyumba alikuwa anataka kodi ya miezi sita, na mtoto alikuwa amerudishwa ada shuleni. Sasa hivi Jumamosi anafundisha watoto mpira kwenye kiwanja cha shule ya msingi, kila mzazi anatoa 2,000. "Nashukuru Mungu," akasema, "watoto hawanifukuzi, ila mvua ikinyesha hawaji." Nilitaka kulipa mimi chakula, akakataa katakata, akasema mkubwa ni yeye. Akatoa noti zilizokunjwa mara nne.

Ndugu zangu, siku ile klabu ilipotoa tangazo, mimi na wenzangu kijiweni tulishangilia. Tulikuwa tunamshangilia mzungu anaondoka. Huyu hatukumwona kabisa. Bili yetu alitumiwa yeye.

Kocha wa zimamoto

Na hata yule mzalendo anayebaki, ujue anabakia kama zimamoto. Nyumba ikiungua anaitwa, moto ukizimika anaambiwa arudishe mpira wa maji stoo. Tuna jina lake, "kocha wa muda". Hebu kumbuka. Novemba 2019 Yanga walipomtimua Mwinyi Zahera, aliyeshika timu ni Charles Boniface Mkwasa, mpaka alipokuja kocha wa kigeni Januari. Machi 2021 Cedric Kaze alipoondolewa, akaitwa Juma Mwambusi, mpaka Aprili alipofika Nasreddine Nabi. Simba nao Septemba 2022 walipoachana na Zoran Maki wakamwita Juma Mgunda kutoka Tanga. Mgunda akaivusha timu mpaka hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 akaletwa Robertinho. Aprili 2024 Benchikha alipoondoka, moto ukawaka tena, akaitwa nani? Mgunda huyohuyo.

Sisemi hawa waungwana walidhulumiwa, wenyewe hawajanituma. Ninachouliza ni hiki: mtu anayeaminiwa kuzima moto mara mbili, kwa nini haaminiwi kukaa ndani ya nyumba?

Maana zimamoto naye akiachiwa anaweza kushangaza dunia. Januari 2024, katikati ya michuano ya AFCON, Ivory Coast walifungwa 4-0 na Equatorial Guinea nyumbani kwao, wakamfukuza Mfaransa Jean-Louis Gasset. Timu akakabidhiwa msaidizi wake, Emerse Faé, mtoto wa nyumbani ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu ya wakubwa. Februari 11 Faé akabeba kombe la Afrika. Wale wanaopenda kufukuza watasema unaona, kufukuza kumesaidia. Mimi nasema unaona, dawa ilikuwa imekaa kwenye benchi siku zote, hakuna aliyekuwa anaiangalia.

Na yule anayetimuliwa, mara nyingi ujuzi wake anaondoka nao, anakwenda kuutumia kwa jirani. Tom Saintfiet, Mbelgiji, Julai 2012 aliipa Yanga Kombe la Kagame. Septemba mwaka huohuo akafukuzwa. Tulimcheka sana. Januari 2022 tukamwona kwenye televisheni akiiongoza Gambia, nchi ndogo iliyokuwa inacheza AFCON kwa mara ya kwanza, mpaka robo fainali. Na Gamondi je, yule aliyeonekana amekwisha kwa mechi mbili? Novemba 2025 akakabidhiwa Taifa Stars kwa muda. Kwenye AFCON ya Morocco Stars ikatoka sare na Uganda, ikatoka sare na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia yake ikaingia hatua ya 16 bora, ikatolewa na wenyeji kwa bao 1-0 Januari 2026. Mtu tuliyemtupa jalalani ndiye aliyetufikisha tusikowahi kufika.

Wewe unayesoma, karatasi yako iko wapi?

Sasa nageuka kwako, wewe wa dukani, wa saluni, wa ofisini, wewe uliyeambiwa uko kwenye majaribio mwaka wa pili huu. Unamcheka kocha, lakini yeye akifukuzwa ana karatasi ya kupeleka FIFA. Wewe una nini? Meseji ya bosi inayosema "njoo Jumatatu"?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akuandikie masharti ya kazi yako. Si hisani, ni sheria. Ukiachishwa kinyume cha utaratibu unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wenyewe wanaiita CMA, lakini una siku 30 tu za kufungua lalamiko tangu siku ulipoachishwa. Wengi wetu siku 30 hizo tunazimaliza kijiweni tukimsimulia kila mtu jinsi bosi alivyo katili. Siku ya 31 ndiyo tunauliza ofisi ziko wapi. Na kama hujatimiza miezi sita kazini, sheria hiyo haikupi nafasi ya kulalamikia kuachishwa isivyo halali, kwa hiyo nayo uijue mapema usije ukashangaa.

Yule kaka yangu wa ugali na samaki hakuwa mjinga. Alikuwa anaipenda kazi, akaona aibu kudai karatasi, akaogopa ataonekana ana haraka. Upendo wa kazi ni mzuri, ila mwenye nyumba haupokei.

Na kwenye mpira wetu, mimi ninalo ombi moja kwa wenzangu wa kijiweni. Siku nyingine timu ikifungwa mbili, kabla hatujaimba wimbo wetu wa virago, tuulize kwa sauti ileile: nani alimwajiri huyu, nani alimsajilia wachezaji, na huyo naye anaondoka lini? Tukiuliza hivyo mara tatu mfululizo, naapa kuna viongozi wataanza kuwaangalia makocha kama watu wenye kazi, badala ya kuwaangalia kama mwavuli wa kujikinga na mvua yetu.

Nimemaliza. Tukutane wiki ijayo kwenye ukurasa huuhuu, kama mhariri hajatangaza kwamba amefikia makubaliano ya kuachana na mimi na benchi langu lote la ufundi.